Safu ya lugha: Kunogewa

Riwaya ya Stephanie Garber, Once Upon a Broken Heart, iliyotoka mwaka 2021, huwagawa wasomaji. Evangeline Fox anaweka mapatano na Jacks, kijana mwenye tufaha mkononi na busu linaloua. Wapo wanaokesha nayo. Wapo wanaolalamika kuwa sheria za uchawi wake hazieleweki na lugha imerembwa kupita kiasi.

Kwa hao wanaokesha tunalo neno: kunogewa. Pilau hunoga, ngoma hunoga, soga hunoga. Aliyeshikwa na utamu huo amenogewa. Ni kauli ya kutendewa, na hapo ndipo uzito wake ulipo: anayependa kitabu anaweza kutoa sababu, ila aliyenogewa ukimuuliza atakufungulia ukurasa na kukwambia, “Hebu soma hapa.” Anayezipima sheria za uchawi anahakiki, na ana haki yake. Kinachoniuma ni pale anapomwambia binti wa miaka kumi na mitano kwamba kunogewa kwake ni utoto. Vitabu viwili vilivyofuata, 2022 na 2023, vilikuwa vikisubiriwa na mabinti kama huyo.