Maoteo ya Sheshe katika Bonde la Kilombero

Katika bonde la Kilombero, toka Ifakara mpaka Mlimba, wazee hawakuwinda kwa njia moja tu, na lugha yenyewe yashuhudia. Kusaka ni kuwafurusha wanyama kwa kelele na mbwa. Kunyatia ni kumwendea mnyama polepole. Kuotea, au kuvizia, ni kukaa mahali pamoja na kumngoja aje mwenyewe. Na mahali pa kungojea ndipo paitwapo oteo, yakiwa mengi maoteo. Leo kijana asikiapo neno kuotea hudhani pasemwa habari za mpira, yaani mchezaji aliyetangulia karibu na goli la wapinzani. Wala hakosei, kwani huyo naye ni mvizia. Ila ndani ya neno hilo imo elimu ya porini ambayo yafaa iandikwe kabla haijasahauliwa.

Mnyama aliyeotewa sana ni sheshe, jamaa wa kuro, mwenye rangi ya dhahabu nyekundu, ambaye Livingstone aliwaandikia wataalamu wa Ulaya habari zake mwaka 1857. Sheshe hapendi kuwa mbali na maji, lakini mafuriko humhamisha. Masika mto ufurikapo husogea ukingoni karibu na miombo. Kiangazi hurudi kwenye majani mabichi ya mbugani. Hula zaidi alfajiri na jioni. Akishtuka hupiga mbinja mara kwa mara, wenziwe wakakimbia wote, na kazi ya siku ile imekwisha. Basi mwoteaji alikuwa na mambo matatu ya kuangalia, na kibanda chenyewe kilikuwa jambo dogo.

La kwanza ni upepo. Bonde letu limelala kati ya milima ya Udzungwa na nyanda za juu za Mahenge. Mchana jua hupasha moto miteremko, na hewa hupanda toka bondeni. Usiku hewa ya baridi hushuka. Hugeuka asubuhi na jioni, na saa hizo ndizo sheshe alishapo. Kwa hiyo oteo lililo jema saa tisa mchana laweza kumfichua mtu jua likichwa, maana harufu yake yawatangulia wanyama. Majivu machache yakirushwa hewani yatosha kuonyesha upepo waelekea wapi; na ukigeuka vibaya, afadhali kuondoka kimya kuliko kuwafundisha wanyama kupaogopa mahali pale.

La pili ni mazoea. Mnyama haogopi sana kitu kikubwa. Aogopa kitu kigeni. Dungu la mlinzi wa mpunga husimama shambani msimu mzima, na wanyama hupita karibu nalo kama wapitavyo karibu na mti. Lakini rundo la matawi lililokatwa jana huwatia shaka. Wawindaji wa Marekani, wanaongoja paa wakubwa wa kwao wenye pembe za matawi, hufuata kanuni hiyo hiyo: husimamisha kibanda cha kitambaa majuma kadhaa kabla ya msimu, ili wanyama wakizoee kikiwa kitupu.

La tatu ni kutulia. Jicho la mnyama wa jamii hii halitofautishi nyekundu na kijani kama letu, bali ni hodari wa kuona kinachotikisika. Tena nyuma ya mwoteaji pasiwe na tundu la mwanga. Likiwapo, kivuli chake huonekana kila ainuapo mkono.

Kwa nini watu walijitaabisha hivi? Fimbo ya mbali haiui nyoka. Upinde, mkuki na hata gobori vilitaka ukaribu, na gobori likikosa, sheshe hamngoji mtu ashindilie tena. Wandamba walisifiwa kwa kuwaendea tembo na viboko kwa mikuki, hata A. G. O. Hodgson akaandika juu ya desturi zao za uwindaji mwaka 1926. Ushujaa huo wapendeza kusimuliwa. Subira ya oteo haina kelele, nayo husahauliwa upesi.

Sheria pia zilibadili mambo. Wajerumani walitoa amri ya uwindaji mwaka 1896, na Waingereza sheria yao mwaka 1921. Bonde likafanywa Pori Tengefu mwaka 1952, na mwaka 2002 likaingizwa katika mapatano ya Ramsar kama ardhi oevu ya thamani kwa dunia nzima. Wakati huo lilihesabiwa kuwa makao ya karibu robo tatu ya sheshe wote duniani. Baadaye mashamba, mifugo na ujangili viliwapunguza mno. Mwaka 2012 serikali iliiondoa mifugo mingi bondeni, na mwaka 2023 sehemu ya bonde ikapandishwa kuwa Pori la Akiba.

Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 yakataza kuwinda bila kibali, nayo yakataza mashimo, nyavu na mitego. Hapa yafaa tupambanue. Mtego wa waya hauoni. Humkamata jike mwenye mimba, mtoto, hata simba asiyetakiwa. Mwoteaji humwona mnyama kwanza, naye aweza kumwacha apite. Sisemi haya ili kumtetea awindaye kwa siri, kwa kuwa sheshe waliobaki hawawezi kustahimili hata mishale michache. Nasema kwamba elimu ya wazee haikuwa ya kuua tu. Anayewahesabu sheshe leo, au anayewapiga picha, ahitaji yale yale matatu: upepo, mazoea na kutulia. Walimu wa bondeni wawafundishe watoto kupambanua kusaka, kunyatia na kuotea, maana yakisahauliwa maneno hayo, atakayetaka kuwakaribia sheshe bila kuwashtua itampasa aanze kujifunza upya, nao sheshe si wengi tena wa kujifunzia.