Misaada ya Nje na Mizani Yake: Tanzania, 1964–1967

Neno "tathmini" lina asili moja na "thamani". Kwa hiyo mwenye kuutathmini msaada wa nchi moja kwa nyingine hana budi kuuliza kwanza thamani hiyo hupimwa kwa mizani ya nani. Mgogoro wa Tanzania na Ujerumani ya Magharibi mwaka 1965 ni mfano unaolidhihirisha swali hilo.

Tangu 1955 siasa ya nje ya Bonn ilikuwa kuzizuia nchi nyingine zisiitambue Ujerumani ya Mashariki. Mwaka 1961 iliundwa wizara ya ushirikiano wa kiuchumi, na fedha za umma zikabebeshwa kazi mbili: kuziendeleza nchi changa, na kuzilinda dhidi ya mvuto wa Mashariki.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, Zanzibar iliitambua Ujerumani ya Mashariki; Aprili ikaungana na Tanganyika. Serikali ya Muungano ikatafuta njia ya kati: Ujerumani ya Mashariki ikaruhusiwa kuweka ofisi ya balozi mdogo Dar es Salaam, bila ya kutambuliwa rasmi. Bonn haikuridhika. Februari 1965 iliondoa msaada wake wa kijeshi, naye Nyerere akaukataa msaada wa serikali hiyo uliosalia. Desemba, Tanzania ilipovunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia, mkopo wa pauni milioni 7.5 ulizuiwa.

Kwa mizani ya Bonn yenyewe, chombo hicho kilishindwa: fedha ziliondolewa, balozi mdogo akabaki, na mwaka 1972 Tanzania iliitambua Ujerumani ya Mashariki. Kwa mizani ya Tanzania, hasara ya fedha ilikuwa dhahiri, lakini haki ya kuamua haikuuzwa. Azimio la Arusha la 1967 liliigeuza hoja hiyo kuwa siasa ya taifa: fedha si msingi wa maendeleo, na kutegemea misaada ni kuuhatarisha uhuru.

Hata hivyo, isidhaniwe kuwa mlango ulifungwa. Katika miaka ya 1970 Tanzania ilipokea misaada mingi, hasa kutoka nchi za Skandinavia. Kilichobadilika ni swali lililoulizwa mlangoni. Tathmini inayohesabu shule na visima tu, isihesabu masharti, imepima nusu ya mzigo. Na nusu iliyoachwa ndiyo hulipwa na mpokeaji.