Ramani ya luga inachorwa na nani? Safari ya Kiswahili katika Kongo

Katika vitabu vya jiografia, ramani ya luga inapakwa rangi: Mashariki na Katanga ni Kiswahili, kandokando ya muto Kongo mupaka Kinshasa ni Lingala, Kasai ni Ciluba, Kongo-Central ni Kikongo. Katiba ya 2006 inataja hizo ine kuwa luga za taifa. Lakini mwanafunzi mwenye kutazama ile ramani anaweza kuzani kama kila rangi ni kabila. Kwa Kiswahili hesabu hiyo haitoki. Katika inchi yetu hakuna kabila la Waswahili. Luga ilifuata barabara, na barabara zilifuata biashara na kazi.

Barabara ya kwanza haipendezi kuikumbuka. Ni ile ya pembe na watumwa, kutoka Zanzibar na Tabora, kuvuka Tanganyika, mupaka Nyangwe na Kasongo. Livingstone alifika Nyangwe 1871, na huko aliona wafanyabiashara wakiua watu kwa bunduki katikati ya soko. Wenyeji walioingia katika kazi ya akina Tippu Tip na kufuata desturi zao waliitwa wangwana, ni kusema watu huru, na luga yao ikaitwa Kingwana. Luga ya watu huru, iliyoletwa na misafara ya watumwa! Mara nyingi tunafundisha neno hilo bila kusimama hapo.

Katika vita vya 1892 mupaka 1894 watu wa Zanzibar walishindwa, Nyangwe na Kasongo zikaanguka 1893. Luga yenyewe ilibakia. Bulamatari alihitaji wapagazi na wafanyakazi wenye kusikilizana, na mapadri Wazungu wa upande wa Tanganyika walifundisha dini katika Kiswahili. Hii ndiyo wataalamu wanaita luga ya mapatano: si ya nyumbani kwa mutu, lakini bila yenyewe soko halitembei.

Katanga ya kusini ni habari ingine, na sisi tunaona ndiyo yenye kufundisha kupita zote. Wenyeji wa udongo wa Lubumbashi ni Balamba na Basanga. Kiswahili hakikuwa luga yao. Union Minière ilianzishwa 1906, na 1910 reli ilifika kutoka kusini, kutoka Rhodesia. Kwa reli hiyo walikuja wafanyakazi wa Rhodesia na Wazungu wenye kusema Kiingereza. Wabeleji waliogopa inchi isiwatoke mukononi. Kisha vita vya 1914-1918, kompani ilitafuta watu sana upande wa Lomami, Kasai na Ruanda-Urundi, na Kiswahili kikawa luga ya kuamuru kazi. Kwa hiyo mupaka wa luga ulisogezwa pia na woga wa siasa.

Karibu na mwisho wa miaka ya 1920, kompani ilianza kuwaacha wafanyakazi wakae kambini pamoja na bibi zao. Baba Muluba, mama Mubemba: mutoto aseme nini? Alisema Kiswahili cha kambi. Hapo luga ya mapatano ikageuka luga ya mama. Na watoto hao hawakuiacha vile ilikuja: waliweka ba- ya luga za wazazi, wakasema *batoto*, *banakuya*, wakaweka ka- na tu-, *katoto*, *tutoto*. Mwaka 1965 André Yav aliandika katika Kiswahili hicho hicho habari ya Elisabethville na ya maboyi wake. Basi mwalimu mwenye kuambia watoto kama luga yao ni Kiswahili kilichoharibika hajasoma historia yake.

Rangi za ramani hazijakauka. Kule Kisangani, Kiswahili na Lingala vinakutana katika soko moja, na Lingala ilienea sana na askari. Mwaka 1997 ilikuwa kinyume: askari wa AFDL waliingia Kinshasa wakisema Kiswahili, na Wakinois walilazimika kujifunza maneno mawili matatu kwa haraka.

Lakini rangi moja ikitanuka, ingine inapungua. Katika nyumba nyingi za Lubumbashi bibi anasema Kisanga ao Kilamba, mujukuu anasikia yote, na anajibu katika Kiswahili.