Baali: mwenye mali, mume na mungu wa mvua

Kabla ya kuwa jina la sanamu, baali lilikuwa neno la kawaida la Kiebrania: mwenye kitu. Sheria ya ng'ombe apigaye watu pembe, katika Kutoka 21, humwita hivyo mwenye ng'ombe anayebeba lawama. Katika Mhubiri 10 ndege ni baali wa mabawa, na hapo hakuna mamlaka yoyote, ni kuwa na kitu tu. Mume naye ni baali wa mkewe hadi leo katika Kiebrania. Kiarabu kina neno lilelile: katika sura ya Hud, Sara humtaja Ibrahimu kwa neno ba'l. Kiswahili hulibebesha neno "bwana" mizigo hiyohiyo.

Wakanaani walimpa cheo hicho mungu wao wa tufani. Mabamba ya udongo ya Ugarit, mji wa kale wa pwani ya Syria uliogunduliwa mwaka 1928, humsifu kuwa mpanda mawingu. Ndiyo maana katika Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, shamba lisilomwagiliwa huitwa shamba la baali, na wakulima wa Palestina bado hutumia jina hilo kwa mazao yanayotegemea mvua. Kwa hesabu hiyo, mashamba mengi ya mtama, uwele na alizeti yanayozunguka Kiomboi, mji wa Wilaya ya Iramba nchini Tanzania, ni ya baali.

Ugomvi wa nabii Eliya na mfalme Ahabu pale mlima Karmeli basi ulikuwa, kwa sehemu kubwa, ugomvi juu ya nani mwenye mvua, Baali au Mungu wa Israeli. Kabla ya hapo jina halikuwa na doa. Mfalme Sauli alikuwa na mwana aitwaye Esh-baali. Waandishi wa vitabu vya Samweli wakamwita Ishboshethi, wakiweka neno la aibu mahali pa baali. Hosea naye akataka Israeli wamwite Mungu mume wao kwa neno jingine.

Kaskazini-mashariki mwa Kiomboi, katika nchi ya Waihanzu iliyokuwa ndani ya Wilaya ya Iramba hadi Mkalama ilipoanzishwa mwaka 2012, umiliki na mvua vilikutana vilevile. Watawala wa ukoo wa Anyampanda, wenye makao Kirumi, huitwa akola ihi, yaani wenye nchi. Nao ni wawili, mwanamume na mwanamke, katika jamii inayohesabu koo upande wa mama. Hapa baali wa Kiebrania, kwa maana ya mume, angekosa mahali pa kukaa. Umiliki wao wa nchi haukuwa hati ya shamba. Ulikuwa wajibu wa kuleta mvua, na ukame uliwaletea maswali.

Mwaka 1963 serikali ilifuta mamlaka ya machifu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ikathibitisha kuwa ardhi yote iko mikononi mwa Rais, kama mdhamini wa wananchi. Matambiko ya mvua ya Kirumi hayakufutwa na sheria hizo. Katika miaka ya 1990 yalikuwa bado yakifanywa.