Taa Iliyokuwa Juu Mno

Popote mlipo asubuhi hii, kama ni jikoni mkingoja chai ichemke au njiani mkielekea kazini, nawaomba mfuatane nami hadi mwisho wa Afrika, au karibu na mwisho wake.

Mahali penyewe huitwa Cape Point, ncha ya rasi nyembamba iliyo kusini ya mji wa Cape Town. Mgeni huonywa kwanza habari za nyani, na onyo hilo si la mchezo. Nyani wa huko hawabishi hodi, na mkate ulio mkononi mwako wameshauhesabu kuwa wao. Kisha hupanda. Wako wanaopandishwa na kigari kinachovutwa kwa kamba ya chuma. Mimi nilipanda kwa miguu, ngazi baada ya ngazi, upepo ukinivuta koti kama mtu anayenidai. Juu kabisa, ukingoni mwa jabali, umesimama mnara mfupi wa chuma uliopakwa rangi nyeupe. Huo ndio mnara wa taa wa zamani. Watu hupiga picha, halafu hushuka wakisema wameona mahali bahari mbili zinapokutana. Tusiwalaumu, lakini ncha ya kusini kabisa ya bara letu ni Agulhas, karibu kilomita 150 upande wa kusini-mashariki.

Rasi hii inatuhusu hata sisi wa Kenya. Bartolomeu Dias, Mreno, aliizunguka mwaka wa 1488. Husimuliwa kwamba aliiita Rasi ya Dhoruba, na mfalme wake akaona jina hilo litavunja watu moyo, ndipo ikaitwa Rasi ya Tumaini Jema. Vasco da Gama akapita hapo Novemba 1497, na Aprili 1498 akatia nanga Mombasa, kisha Malindi, ambako nguzo yake ingali imesimama. Basi meli zile zilizogeuza maisha ya pwani yetu zilipita chini ya jabali hili, na hapakuwa na taa yoyote ya kuziongoza. Toka Dias hadi taa ya kwanza ilipita zaidi ya miaka 370.

Hatari haikuwa dhoruba peke yake. Manahodha waliotoka upande wa Bara Hindi waliiona rasi nyingine, Hangklip, wakadhani ndiyo hii, wakageuka kaskazini kabla ya wakati na kujikuta ndani ya ghuba. Hadi leo huitwa Ghuba ya Uongo.

Mnara ulijengwa mwaka wa 1859, na taa ikawashwa tarehe 1 Mei 1860. Waliojenga walichagua kilele, mita 238 juu ya bahari. Nani angewapinga? Sote tumefundishwa tangu chuo cha Jumapili kwamba taa huwekwa juu.

Lakini juu kule ndiko mawingu hukaa. Usiku mwingi ukungu uliufunika mnara, taa ikawaka vizuri kabisa ndani ya pamba, na chini, ambako bahari ilikuwa wazi, baharia hakuona kitu. Kosa la pili lilikuwa la siri zaidi. Usiku usio na ukungu taa ilionekana mapema mno, hata kwa meli iliyokuwa bado karibu na nchi kavu. Nahodha akiiona hujipa moyo, akakata kona karibu na ncha, na kumbe mbele yake kuna miamba iliyojificha majini.

Mambo yalikwenda hivyo kwa miaka hamsini. Usiku wa tarehe 18 Aprili 1911, meli ya abiria ya Wareno, Lusitania, ikitoka Msumbiji, iligonga mwamba uitwao Bellows, kusini ya ncha ile. (Isichanganywe na Lusitania ya Waingereza iliyozamishwa vitani mwaka wa 1915.) Ndani yake mlikuwa na mamia ya watu. Wengi waliokolewa, lakini si wote, na taa ilikuwa inawaka.

Baada ya hapo wakubwa walikubali kujenga upya, chini zaidi na karibu zaidi na ncha, mita 87 tu juu ya maji. Taa hiyo iliwashwa mwaka wa 1919. Pahali pake palipimwa kwa hekima: meli ikitoka magharibi haiioni kabisa mpaka iwe imekwenda mbali ya kutosha kusini. Jabali lenyewe huificha. Nahodha asipoiona, ajue hajafika mahali pa kugeuka. Mimi sikuwahi kufikiri kwamba taa inaweza kufichwa kwa makusudi ili kuokoa watu.

Nilipokuwa pale kileleni wingu lilipanda kutoka baharini, na kwa dakika kadhaa sikuuona hata mnara niliokuwa nimeuegemea mgongo. Nilisikia mawimbi tu. Lilipopita, nilichungulia chini nikaiona ile ya pili, ndogo, juu ya mwamba wake, na povu jeupe likizunguka chini yake. Wageni wengi hawafiki huko. Kigari hakiendi.

Tutaonana tena juma lijalo, saa ile ile.