Marudio ni ya Nani?

Kijana akitaka kutoka kimuziki, ushauri anaopewa haupungui mambo matatu: awe na kipaji, ajitume, amwombe Mungu. Sina ugomvi na hayo. Ila kwetu Makongolosi, wilayani Chunya, kujituma si habari mpya. Wapo watu walioshinda kwenye maduara miaka ishirini, wanajituma kuliko wengi ninaowajua, na hadi leo wanakopa unga dukani. Ndiyo maana najiuliza: waliofanikiwa, mbali na jasho, walikuwa na nini? Jibu nimelitafuta kwenye historia mbili, ya dhahabu na ya muziki.

Dhahabu ya Lupa ilianza kuchimbwa miaka ya 1920, na miaka ya 1930 watu wakamiminika. Mji wa Mbeya, ulioanza mwaka 1927, ulikua kwa kuyahudumia machimbo hayo. Mgodi wa Saza ulifanya kazi kuanzia 1939 hadi 1956, ukafungwa. Kampuni zilikuja zikaondoka, mwenyeji akabaki na sululu yake.

Mgao wa leo kila mtoto wa huku anaujua. Mwenye leseni ana fungu lake. Mwenye duara, aliyegharimia chakula, baruti na pampu, ana lake. Wachimbaji wanagawana lao. Mawe yakishatoka yanapelekwa karasha, yanasagwa, dhahabu inakamatwa kwa zebaki. Mchimbaji anachukua kidonge chake anaondoka akishangilia. Mchanga uliobaki, yaani marudio, mara nyingi unabaki kwa mwenye karasha. Na ule mchanga bado una dhahabu! Ukipelekwa kwenye mitambo ya sayanaidi unatoa mali ambayo macho ya mchimbaji hayakuiona. Mwenye karasha haombi mwamba uwe mzuri; analipwa ya kusaga, kisha anabaki na marudio.

Muziki wetu nao una marudio yake. Baada ya uhuru, bendi nyingi kubwa zilikuwa mali ya taasisi. NUTA Jazz, iliyoanzishwa 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na jina lake likawa linabadilika kila chama kilipobadilika: JUWATA, kisha OTTU, hadi tunayoiita Msondo Ngoma. Polisi walikuwa na bendi yao, JKT vilevile. Gitaa, spika, ngoma, vyote vya mwajiri. Mwanamuziki alipata mshahara, na kwa zama zile hilo halikuwa jambo dogo. Lakini siku akihama, alihama na sauti yake tu.

Mbaraka Mwinshehe alikuwa nyota wa Morogoro Jazz, na mwaka 1970 alikwenda nayo hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo. Mwaka 1973 akatoka, akaanzisha Super Volcano. Wengine huanza upya wakishaporomoka. Yeye alianza upya akiwa juu, jina likiwa bado lina moto. Alifariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979, akiwa na miaka 34. Miaka sita tu na bendi yake, lakini hata mtoto aliyezaliwa baada ya kaseti kufa anazijua nyimbo zake.

Miaka ya 1990 zikaja redio binafsi na rapu. Vijana wengi walikuwa wanaigiza Kiingereza cha Marekani. Joseph Mbilinyi, aliyeanza kwa jina la 2Proud, akawa Mr. II, akawa Sugu, alisimama na Kiswahili cha mtaani na shida za mtaani. Enzi hizo kaseti zilipitia kwa wasambazaji wa Kariakoo, na msanii mara nyingi aliuza kazi yake kwa malipo ya mara moja. Sheria ya Hakimiliki ya 1999, iliyozaa COSOTA, ilikuja wakati marudio ya wengi yalikuwa yameshaondoka. Sugu hakunyamaza kuhusu haki za wasanii, na mdomo ule ule ulimfikisha bungeni: wapiga kura wa Mbeya Mjini walimchagua 2010, akakaa hadi 2020.

Halafu Rayvanny, mzaliwa wa Mbeya, 1993. Alianzia kwenye mitindo huru, akapita Tip Top Connection, akaingia WCB. "Kwetu" ikatoka 2016, tuzo ya BET ikaja 2017. Lakini mimi navutiwa zaidi na mwaka 2021, alipofungua lebo yake, Next Level Music, na 2022 alipoondoka WCB. Alikaa ndani ya nyumba ya mwenzake miaka ya kutosha kujua karasha inavyozunguka, ndipo akajenga yake. Huo ndio uvumilivu ninaouelewa: kusubiri huku unajifunza. Kusubiri bure ni kuchelewa tu.

Kwa hiyo sifa ninazoziona ni nne: kuwa na lugha yako mwenyewe, kujua thamani yako ukiwa bado juu, kujifunza biashara ya anayekuajiri, na kuuliza mgao kabla jiwe halijatoka. Zinamhusu mwimbaji, na zinamhusu pia mama lishe wa hapa stendi anayetaka kufungua mgahawa.

Ninawafahamu vijana wa hapa wanaoweka akiba ya shimoni ili wakarekodi Mbeya. Siwaambii waache, sauti zao nimezisikia, wanaweza. Ninachowaambia ni kwamba tayari wana elimu ambayo wengi mjini hawana. Mchimbaji anajua maana ya marudio. Basi kabla hujashika maiki, muulize prodyuza: wimbo huu ukisikika baada ya miaka kumi, hela inakwenda kwa nani? Akikujibu kwa mdomo, mwombe aandike.