Ng'om ya shule, ng'om ya nyumbani: mafumbo ya mtihani yanapima nini?

Haya wasee, tuanze na swali. Wachumaji chai wanne wamepanga foleni kwa mizani. Langat yuko mahali fulani mbele ya Koech. Chebet yuko nyuma ya Koech moja kwa moja. Cherono si wa kwanza wala wa mwisho. Nani wa pili?

Ukijaribu kushika yote kichwani utachoka. Chora visanduku vinne kwa karatasi. Koech na Chebet wanafuatana, kwa hivyo wasogeze kama kitu kimoja. Ukiwaweka wa kwanza na wa pili, Langat hana nafasi mbele ya Koech. Ukiwaweka wa pili na wa tatu, Cherono anabaki mwanzo au mwisho, na hiyo tumekatazwa. Basi wao ni wa tatu na wa nne. Langat, Cherono, Koech, Chebet. Jibu ni Cherono.

Sasa niambie: hapo tumepima akili, ama tumepima kama kuna mtu alishawahi kukuonyesha visanduku? Hili swali lina historia, na sehemu yake iko huku kwetu kwenye majani chai.

Miaka ya 1970, watafiti wawili Wamarekani, Sara Harkness na Charles Super, waliishi na familia za Wakipsigis wilaya ya Kericho, Bomet ikiwa bado ndani yake. Jamii hiyo waliiita Kokwet. Waliwauliza wazazi mtoto mwerevu ni yupi, na neno walilopewa ni ng'om. Lakini wazazi walitofautisha. Kuna ng'om ya shule, na kuna ng'om ya nyumbani. Mwenye ng'om ya nyumbani anaona kazi inayohitaji kufanywa na anaifanya bila kusukumwa. Kuwa na moja hakukuhakikishi nyingine.

Halafu watoto wakapimwa. Walisimuliwa hadithi fupi, wakaombwa wairudie mbele ya mtu mzima. Wengi walinyamaza, ama wakasema kidogo sana. Mtu mwenye haraka angeandika kwamba hawa hawajui kitu. Harkness na Super walichapisha makala mwaka 1977 wakieleza mbona watoto wa Kiafrika ni wagumu kupima: huyu mtoto alilelewa kumsikiliza mkubwa na kufuata maagizo yake, si kumwonyesha ufundi wa kuongea. Nyumbani kunyamaza kwake ni adabu. Kwa karatasi ya mtihani ni sifuri.

Miaka hiyo hiyo, nchi nzima ilikuwa inachujwa na CPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Maswali yalikuwa ya kuchagua jibu, na nafasi za sekondari za serikali zilikuwa chache. Mwaka 1972, ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani uliokuja Kenya uliukosoa huo mfumo. Anthony Somerset, aliyeutafiti mtihani huo kwa kina, alionyesha kwamba maswali mengi yalitaka kukariri tu. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 yakaanza kubadilishwa: mwanafunzi apewe hali fulani, alinganishe, aseme kitakachofuata.

Manze, sehemu ninayoipenda ni hii. Hawakubadilisha maswali tu halafu wakaachia watoto. Baada ya mtihani, shule zilitumiwa jarida lililoeleza maswali gani yaliwashinda wanafunzi, walikosea wapi, na mwalimu afundishe nini. Mambo hayakunyooka mara moja, lakini baada ya miaka michache pengo kati ya wilaya nyingi lilianza kupungua. Hakuna aliyebadilishiwa ubongo. Walimu walionyeshwa njia, basi.

Hata Marekani wamejifunza hili. LSAT, mtihani wa kuingia shule za sheria, ulikuwa na sehemu nzima ya mafumbo kama lile la foleni yetu. Mwanamume kipofu akaenda kortini, akasema hawezi kuchora michoro ambayo wenzake wanategemea. Wakaelewana mwaka 2019, na kufikia Agosti 2024 ile sehemu ikaondolewa. Walidhani wanapima mantiki peke yake, kumbe walikuwa wanapima pia nani anaweza kuchora.

Mimi niliacha campo, kwa hivyo najua kuna msee atasema naongea kwa uchungu. Hapana. Nafasi zikiwa chache lazima watu wachujwe, na afadhali fumbo kuliko kukariri tarehe. Lakini fumbo ni la haki pale wote wameonyeshwa namna linavyofunguliwa. Aliyelipiwa tuisheni Nairobi anaingia akiwa amechora visanduku mpaka vinamchosha. Wa kwetu, aliyeshinda Jumamosi akichuma chai na mamake, anakutana navyo mara ya kwanza siku ya mtihani. Halafu matokeo yakitoka, tunaambiwa mmoja ni mwerevu na mwingine si wa masomo. Huyo wa pili anaamini, anaishi nayo.

Kwa hivyo ukiwa na karatasi za zamani, za udhamini wa masomo ama za kuomba kazi, usizifungie kwa simu. Mpelekee binamu yako kule Litein ama Sotik wiki hii, kabla ya mtihani wake. Kaeni chini na kalamu mbili. Mwanzishie na ile foleni ya mizani, na usimwambie jibu.